Jinsi ya Kuandaa Onyesho la Vodevili na Kulizungusha katika Kumbi za Zamani

Vodevili ni burudani iliyotawala kumbi za Marekani na Kanada tangu miaka ya 1880 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1930. Kwa tiketi moja mtazamaji aliona mwimbaji, wanasarakasi, mchekeshaji, mwanamazingaombwe, mbwa waliofunzwa na igizo fupi, kila mmoja akija na chake, bila hadithi ya kuwaunganisha. Watu wengi wanaotaka kuifufua leo huanza na yale yanayoonekana kwa macho, yaani kofia za duara, masharubu ya bandia, mapazia mekundu na mabango yenye herufi za kizamani. Vitu hivyo vina nafasi yake, lakini havilibebi onyesho. Kilichoibeba vodevili kwa takriban miaka 50 ni mpangilio: nani anamtangulia nani, anasimama sehemu gani ya jukwaa, anachukua dakika ngapi, na ni kazi gani inafanyika nyuma ya pazia wakati yeye yuko mbele yake. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kukusanya kundi dogo la wasanii na kuzunguka nalo katika kumbi za miji ya huko, ambazo nyingi zilijengwa kwa kazi hiihii.

Ifahamu kwanza kazi unayoifufua

Tarehe 24 Oktoba 1881, Tony Pastor alianza katika ukumbi wake wa 14th Street, New York, maonyesho aliyoyatangaza kuwa safi, yasiyo na matusi, ambayo mtu angeweza kuja kuyatazama pamoja na mke na watoto. Kabla ya hapo burudani mseto ilikuwa ni mambo ya baa na kumbi za bia, na watazamaji wake karibu wote walikuwa wanaume. Mwaka 1885 Benjamin Franklin Keith akaanzisha huko Boston utaratibu wa onyesho lisilokatika, ambapo michezo ilijirudia tangu asubuhi hadi usiku na mtu aliingia saa aliyotaka. Yeye na mwenzake Edward Albee walijenga mtandao wa kumbi katika miji mingi, na nyuma ya majukwaa yao yalibandikwa matangazo ya kuwaonya wasanii kwamba atakayetamka neno chafu angeachishwa kazi papo hapo. Ukikumbuka historia hiyo hutapata shida kuamua kama utani fulani unafaa. Onyesho la vodevili ni la bibi na mjukuu wake waliokaa viti vya jirani, na wote wawili wanapaswa kucheka kwa wakati mmoja.

Jambo la pili la kufahamu linahusu ubora wa wasanii wa wakati ule. Msanii aliyepata mkataba na mtandao mkubwa wa kumbi alisafiri na mchezo uleule wa dakika 12 kwa miaka, kwa sababu kila mji uliuona mara moja tu kisha yeye akaondoka. Mchezo huo ulisuguliwa mbele ya watazamaji mamia ya mara mpaka kila neno, kila kimya na kila hatua ikapata mahali pake. W. C. Fields, ambaye ulimwengu ulikuja kumjua kama mchekeshaji wa sinema, alianza akiwa mrushaji na mdakaji wa mipira asiyesema neno jukwaani. Buster Keaton alikulia katika mchezo wa wazazi wake, ambapo baba yake alimrusha huku na huku jukwaani, na nguo ya mtoto huyo ilikuwa imeshonewa mgongoni mpini wa sanduku la safari ili pawepo pa kumshikia. Nauleta mfano wa mpini huo kwa makusudi, kwa kuwa ndio kipimo changu cha maleba na vifaa vyote vya onyesho la aina hii: kila kitu kinachopanda jukwaani kiwe na kazi ndani ya mchezo, wala kisiletwe kwa sababu tu kinaonekana cha kale.

Kwa hiyo unapotafuta wasanii, usiwaombe wakutungie kitu kipya cha kizamani. Waombe dakika 8 wanazozijua kuliko zote, zile ambazo wangeweza kuzifanya hata wakiwa na homa, kisha fanyeni kazi pamoja ya kukata. Karibu kila mchezo unaofanyika mitaani au katika sherehe unaweza kupunguzwa kwa theluthi moja bila hasara, kwa sababu sehemu kubwa yake ni maneno ya kukusanya watu, na ukumbini watu wameshakusanyika. Kundi la kuanzia linahitaji mchezo mmoja usiotegemea maneno, waimbaji wawili wenye mitindo tofauti, mchekeshaji wa kusimama peke yake, mwanamazingaombwe, mcheza dansi ya viatu vyenye vyuma, igizo fupi la kuchekesha la watu wawili au watatu, jambo moja la ajabu ambalo watu hawajawahi kuliona, na mchezo mmoja mkubwa wa kujaza jukwaa. Mpiga piano mwenye masikio mazuri na uwezo wa kufuata kosa la mwenzake bila kulionyesha ni wa lazima. Ukimpata huyo, mengine yatatengenezeka.

Kupanga orodha

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na hapa ndipo ninapowasihi waandaaji wasiwe na haraka. Ukumbi wa Palace wa New York, uliofunguliwa tarehe 24 Machi 1913, ulikuwa ndio kilele ambacho kila msanii wa vodevili alitamani kukifikia, na George Gottlieb, aliyekuwa akipanga orodha zake, alieleza mwaka 1915 namna alivyozipanga nafasi tisa za jioni moja. Maelezo yake bado yanafaa kuliko ushauri mwingi wa kisasa, maana kila nafasi ameitolea sababu inayotokana na tabia ya watazamaji.

Nafasi ya kwanza ni ya mchezo usio na maneno, kama wanasarakasi, wacheza dansi au wanyama, kwa sababu watu bado wanaingia, viti vinapigwa, na mtu anayetegemea kusikika angeharibiwa kazi yake. Nafasi ya pili ni ya kuwatuliza watu, na kwa kawaida hupewa mwanamume na mwanamke wanaoimba na kutaniana. Ya tatu ni ya kuwaamsha, na igizo fupi lenye kisa kinachopanda hadi kicheko cha mwisho linafaa hapo. Ya nne ni ya msanii mwenye jina au uwezo wa kuupiga ukumbi barabara, ili watu waanze kuamini kwamba mazuri yanakuja. Ya tano hufunga nusu ya kwanza, nayo iwe na uzito wa kuwafanya watu wazungumze wakati wa mapumziko.

Nafasi ya sita ndiyo ngumu kuliko zote, na waandaaji wengi wapya hawaijui ugumu wake. Watu wanarudi kutoka mapumzikoni polepole, wengine bado wana vinywaji mkononi, na mchezo wa hapo lazima ushike moto ulioachwa na ule wa tano bila kuwa mkali kuliko itakayofuata. Mchezo wa kuchekesha usiotegemea sana maneno, kama mrushaji anayefanya makosa ya makusudi, unafaa sana. Ya saba inapewa igizo au mchezo unaotumia jukwaa lote. Ya nane, inayotangulia ya mwisho, ndiyo kiti cha heshima: hapo anakaa nyota ambaye watu wamemsubiri jioni nzima, mara nyingi mchekeshaji au mwimbaji anayesimama peke yake mbele ya pazia. Ya tisa ni mchezo wa kupendeza macho, mkubwa, wa haraka, usiohitaji kusikilizwa, kwa kuwa zamani watu walianza kuvaa makoti na kutoka.

Katika nafasi hiyo ya mwisho mimi ningefanya tofauti kidogo. Watazamaji wa leo hawatoki mapema kama wale, wanasubiri hadi taa za ukumbi ziwake, na wangependa kuwaona wasanii wote tena. Wape wanasarakasi nafasi ya tisa kama ilivyokuwa, lakini maliza kwa wasanii wote kurudi jukwaani na kuimba wimbo mmoja ambao ukumbi mzima unaujua. Nyimbo za kuimba pamoja zina asili katika zama zilezile, ambapo maneno na picha vilimulikwa ukutani kwa vioo vilivyopakwa rangi. Wimbo wa mchezo wa besiboli, “Take Me Out to the Ball Game”, wa mwaka 1908, unafaa kwa sababu Mmarekani yeyote anaijua kiitikio chake hata kama hajawahi kujifunza.

Kwa saa, panga nusu ya kwanza iwe ya dakika 50 hadi 55, mapumziko dakika 20, na nusu ya pili isizidi dakika 50. Ukizidisha hapo, watazamaji wazee ambao ndio wengi katika maonyesho haya wataanza kuangalia saa. Epuka kuweka waimbaji wawili mfululizo, usimpe mchekeshaji nafasi inayofuata mchekeshaji mwingine, na wala usifuatanishe michezo miwili inayotaka ukimya. Andika kila kipengele kwenye kadi yake, zitandaze mezani, uzihamishe kwa mkono huku ukijiuliza mambo mawili tu: watu wametoka kuhisi nini, na jukwaa limebaki na vitu gani?

Pazia la mbele na kazi iliyo nyuma yake

Swali hilo la pili ndilo lililoifanya vodevili iwe na mwendo ambao waandaaji wengi leo hawaufikii. Jukwaa lao lilihesabiwa kwa kina. Sehemu ya kwanza ilikuwa ni ule ukanda mwembamba wa futi chache kati ya taa za ukingoni na pazia la kwanza lililochorwa, na nyuma yake zilifuata sehemu ya pili, ya tatu, hadi jukwaa zima. Mchezo unaohitaji nafasi kubwa ulifuatwa na mtu anayeweza kufanya kazi katika ukanda wa mbele, na wakati yeye anawachekesha watu, mafundi walikuwa nyuma ya pazia wakiondoa na kupanga. Jukwaa halikubaki tupu hata kidogo.

Tuchukue mfano mmoja na kuuangalia kwa karibu. Mchekeshaji wa nafasi ya nne ana dakika 7 mbele ya pazia, na nyuma yake inatakiwa ipangwe meza ndefu ya wanasarakasi, magodoro mawili na fremu ya chuma ya kupandia. Mafundi watatu wamevaa viatu vya raba. Miguu ya meza imefungwa vitambaa vinene, na viungo vya fremu vinabanwa kwa pini za kuchomeka badala ya kugongwa nyundo. Sakafuni kuna alama za utepe unaong'aa gizani, rangi moja kwa kila mchezo, hivyo hakuna anayeuliza kitu kiwekwe wapi. Kiongozi wa wanasarakasi mwenyewe anaivuta kila pini kwa mkono, kisha anamgusa bega msimamizi wa jukwaa, naye anawasha balbu ndogo iliyofichwa ukingoni ambayo mchekeshaji peke yake anaiona. Mpaka balbu hiyo iwake, mchekeshaji hamalizi. Amejiandalia kisa cha ziada cha sekunde 40 na kingine cha sekunde 90, ambavyo watazamaji hawatajua kamwe kwamba ni vya akiba. Anapoiona balbu anasema utani wake wa mwisho, mpiga piano anadaka neno lake la mwisho kwa mdundo wa wanasarakasi, pazia linapanda, na mtu wa kwanza tayari yuko juu ya mabega ya mwenzake.

Mabadiliko hayo yafanyieni mazoezi mengi kuliko michezo yenyewe, kwa sababu kila msanii anaujua mchezo wake, ila hakuna anayeijua ile njia ya kutoka mchezo mmoja kwenda mwingine hadi mtakapoipita pamoja. Tengeni siku mbili nzima kwa ajili hiyo tu, bila kurudia michezo: dakika ya mwisho ya huyu, dakika ya kwanza ya yule, tena na tena, saa ya kupimia ikiwa mkononi. Kwa utambulisho, kibao cha jina kwenye kiegemeo pembeni mwa jukwaa kilikuwa ndicho desturi, na mshereheshaji wa kuongea alizoeleka baadaye, katika miaka ya 1920. Binafsi napendekeza vibao. Msichana au mvulana anayebadilisha kibao kwa madaha anachukua sekunde 5, ilhali mshereheshaji anayependa sauti yake anaweza kula dakika 15 za jioni nzima na kumnyang'anya kila msanii mshangao wake kwa kumsifu kabla hajaonekana.

Yasiyofaa kurudishwa

Anayeipenda vodevili lazima aseme wazi pia mambo yake maovu. Kupaka uso rangi nyeusi na kuwaigiza watu Weusi kwa dhihaka kulikuwa ni jambo la kila wiki katika kumbi hizo, pamoja na vichekesho vya kuwakejeli Wayahudi, Waairishi, Wajerumani na Wachina. Hata Bert Williams, mzaliwa wa Bahamas na mmoja wa wachekeshaji bora wa zama zile, akiwa yeye mwenyewe ni mtu Mweusi, alipanda jukwaani akiwa amepakwa rangi hiyo kwa sababu ndivyo soko lilivyodai. Wasanii Weusi wengi walifanya kazi katika mtandao wao wa kumbi, uliojulikana kwa kifupi TOBA, ambapo katika miaka ya 1920 Ma Rainey na Bessie Smith waliimba mbele ya watu wao kwa malipo madogo na safari ngumu.

Usilete dhihaka hizo hata kwa kisingizio cha kuonyesha historia, na usidhani kwamba ukiziacha kimya umemaliza kazi. Wape nafasi za heshima wasanii wanaoendeleza sanaa ya Williams na Smith, na katika kijitabu cha programu andika aya moja ya kweli juu ya walikotoka. Watazamaji wanaokuja kwa ajili ya kumbukumbu za zamani wanastahili kumbukumbu zilizo kamili.

Muziki, maandishi na haki zake

Kwa sheria ya Marekani, nyimbo zilizochapishwa mwaka 1929 au kabla yake zimekuwa mali ya umma, hivyo hazina za zama za vodevili ziko wazi kwako. Angalia lakini mambo mawili. Rekodi ya sauti ina muda wake tofauti na ule wa wimbo, kwa hiyo kupiga wimbo wa 1928 kwa piano si sawa na kucheza rekodi yake kwenye spika. Aidha, mpangilio mpya wa muziki ulioandikwa juzi juu ya wimbo wa kale una hakimiliki yake. Njia salama ni kutafuta karatasi za muziki za toleo la awali na kumwacha mpiga piano wako aandike mpangilio wake. Kwa nyimbo mpya zaidi, uliza mapema kama ukumbi una leseni inayogusa onyesho lako, na mkataba useme nani atalipa. Maktaba ya Bunge ya Marekani imeweka wazi mtandaoni mkusanyo mkubwa wa jukwaa la mseto wa miaka ya 1870 hadi 1920, wenye maandishi ya maigizo, picha, rekodi na filamu fupi, na mtu akikaa nao kwa wiki moja atapata mawazo ya kumtosha miaka miwili. Ukilichukua igizo la kale, lipunguze: mwendo wa maneno wa wakati ule ulikuwa mzuri, ila maelezo ya mwanzo yalikuwa marefu.

Kutafuta kumbi

Sinema zenye sauti zilipoanza kushamiri baada ya 1927, kumbi za vodevili ziligeuzwa moja baada ya nyingine, na hata Palace ya New York ikawa ukumbi wa filamu mwaka 1932. Nyingine zilibomolewa, lakini zipo zilizookolewa na wakazi wa miji yao: Al. Ringling ya Baraboo, Wisconsin, iliyofunguliwa 1915. Pantages ya Tacoma, Washington, ya 1918. Na Palace ya Cleveland, Ohio, ya 1922. Huko Toronto, ukumbi wa Winter Garden uliojengwa ghorofani juu ya ukumbi mwingine ulifungwa mwaka 1928 na kusahaulika kwa miaka 60, na ulipofufuliwa na kufunguliwa tena 1989, palikuwa pamehifadhika humo mandhari za jukwaa za vodevili zilizochorwa kwa mkono. Michoro ya rangi za maji kwenye kuta zake ilisafishwa kwa mamia ya paundi za kinyunya cha mkate, kwa kuwa maji yangeiyeyusha. Ukipata nafasi ya kuuona ukumbi huo, nenda kabla hujachora pazia lako.

Kumbi kama hizo, na zile ndogo zaidi zinazoendeshwa na watu wa kujitolea, ndizo zinazokufaa. Waandikie miezi 9 hadi 12 kabla, na uambatanishe video ya dakika 3 iliyopigwa mbele ya watazamaji halisi wanaosikika wakicheka. Kabla ya kukubaliana lolote omba karatasi ya vipimo: upana wa mwanya wa jukwaa, kina chake, urefu wa dari, idadi ya boriti za kuning'iniza mapazia, uwezo wa umeme, na upana wa mlango wa kupakulia mizigo. Uliza pia kama sehemu ya juu ya jukwaa bado ina kamba na puli zinazofanya kazi, maana kumbi nyingi zilifungiwa hapo skrini ya sinema na pazia lako halitaweza kupanda. Uliza kama kuna kinanda cha mabomba kilichobaki tangu enzi za filamu zisizo na sauti na kama kuna mtu wa kukipiga. Dakika 15 za kinanda hicho wakati watu wanaingia huwaweka katika hali ambayo bango lolote haliwezi kuileta. Katika kumbi zenye mafundi wa chama cha wafanyakazi wa jukwaa kuna idadi ya chini ya watu na saa ambazo lazima uzilipie, na gharama hiyo ijulikane kabla ya kutia saini.

Malipo huja kwa njia tatu: ukumbi kulinunua onyesho kwa kiasi kilichokubaliwa, wewe kuukodi ukumbi, au kugawana mapato. Wasanii wapya huvutiwa na kugawana, kwa hiyo piga hesabu. Tuseme ukumbi una viti 500, tiketi ni dola 20, na zimeuzwa 300. Mapato ni dola 6,000. Ukumbi unaondoa kwanza gharama zake, tuseme 1,800, na zinazobaki 4,200 zinagawanywa, asilimia 70 zikiwa zako, yaani dola 2,940. Kundi la watu 13, pamoja na mafundi, linapata takriban dola 226 kwa kila mmoja, kabla ya hoteli, mafuta na bima. Hesabu hiyo inaonyesha wazi kwamba safari ya usiku mmoja haifai. Omba malipo ya chini yasiyotegemea mauzo, na upange miji mitatu au minne iliyo karibu kwa siku zinazofuatana, kila safari isizidi saa tatu za barabarani. Mitandao ya zamani iliishi kwa kanuni hiyohiyo.

Njia bora ya kujaza viti ni kumpa msanii mmoja wa mji huo dakika 6 katika nafasi ya pili. Awe ni mtu mwenye uwezo kweli, uliyemsikia kwanza kwa simu au video, na aje kufanya mazoezi na mpiga piano mchana wa siku ileile. Ndugu, majirani na wanafunzi wake watakuja, na watakaporudi nyumbani watazungumza juu ya onyesho zima.

Siku ya onyesho

Fika asubuhi, kwa kuwa jukwaa la kale lina siri zake. Tembea sakafu yote kwa miguu kabla ya mcheza dansi na wanasarakasi, ukitafuta mbao zilizolegea, misumari na mteremko kuelekea mbele. Pima umbali wa kutoka chumba cha kubadilishia nguo hadi jukwaani, kwani katika kumbi hizi vyumba viko ghorofa mbili juu na ngazi ni nyembamba. Kisha pitieni kwa ufupi kila badiliko, muziki na mwanga. Utaratibu wa zamani ulikuwa msanii aliyetangulia kuweka karatasi zake za muziki ukingoni mwa jukwaa ndiye aliyetangulia kufanya mazoezi na bendi, na hadi leo ni njia ya haki ya kuondoa manung'uniko.

Kuhusu moto niseme bila kuzunguka: usiuingize katika onyesho lako la kwanza. Tarehe 30 Desemba 1903 ukumbi wa Iroquois wa Chicago uliungua wakati wa onyesho la mchana na zaidi ya watu 600 walikufa, wengi wao wanawake na watoto, pazia la kuzuia moto likiwa limekwama na milango kadhaa imefungwa. Kanuni nyingi za usalama katika kumbi za leo zimetokana na siku hiyo. Mapazia yako yote yawe yametiwa dawa ya kuzuia moto, na cheti chake usafiri nacho, kwa maana mkaguzi ana haki ya kukiomba. Pia hakikisha kwa macho yako mwenyewe, kabla watu hawajaingia, kwamba kila mlango wa dharura unafunguka.

Onyesho likianza, msimamizi wa jukwaa aandike saa halisi ya kila kipengele kuanza na kumalizika. Palace ilikuwa na desturi ya kuitazama orodha upya baada ya onyesho la mchana wa Jumatatu na kuhamisha nafasi za wasanii kabla ya usiku, na wewe fanya hivyo katika kila mji. Usiku uleule, kabla mapazia hayajakunjwa, keti na msimamizi na mpiga piano mtazame zile saa. Mchezo uliorefuka kwa dakika mbili ukatwe mbili, na kicheko kilichochelewa kitafutiwe sababu katika kile kilichokitangulia. Mwimbaji aliyepwaya katika nafasi ya nne ajaribiwe ya pili. Andikeni orodha mpya kwa kalamu nene, isomeke kwa mbali, na iwe imebandikwa kwenye mlango wa jukwaa wa ukumbi unaofuata kabla msanii wa kwanza hajashusha sanduku lake.